Muziki Niliotia Katika Gari la Papa

Papa alikuwa na gari ambalo alikataza lioshwe. Lilikuwa Peugeot 404, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, na alilipaka rangi ya udongo kwa brashi ya kupakia milango, kwa mkono wake mwenyewe, michirizi ikaonekana kutoka mbali. Ekzosi ilipotoboka hakuiziba. Kioo cha taa ya kushoto kilipopasuka alikibandika plasta ya hospitali, akasema kiko sawa. Matope ya Walungu yalikauka juu ya milango, mapya yakapanda juu ya ya zamani. Mtu asiyejua alidhani ni uvivu wa mzee. Mimi nilijua sababu, na ndiyo maana sina kisingizio.

Gari lile lilikuwa la mzungu mmoja mwenye shamba la chai upande wa Walungu. Papa alimwendesha miaka kumi na sita. Serikali ilipoamua kwamba mashamba na biashara za wageni zipewe wananchi, mzungu yule alibaki na siku chache za kufunga masanduku. Mtu aliyepewa shamba, acquéreur kama tulivyowaita wote wa aina yake, alifika na orodha: matrekta, mizani, mashine za kukausha chai, magari. Hakuiona 404. Siku hiyo ilikuwa imelala chini ya majani ya migomba nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, mbali na barabara. Mzungu alikuwa amemwachia Papa funguo, carte rose, ile kadi ya gari, yenye jina lake yeye mzungu, na ukurasa wa daftari alioandika kwa kalamu kwamba gari anampa dereva wake kwa kazi yote aliyomfanyia. Ukurasa ule haukuwa na muhuri wowote. Papa aliuweka pamoja na carte rose ndani ya Biblia ya Mama.

Shangazi alibadilisha majani ya migomba kila yalipokauka, kwa muda wa miaka miwili. Halafu, watu walipochoka kuulizana nani alipewa nini, Papa alilitoa gari usiku, akalipaka ule udongo wake, akaanza kubeba akina mama wa soko na maharagwe yao kutoka Walungu hadi Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyowaweka dada zangu wawili shuleni, na mimi pia hadi nikamaliza miaka sita ya sekondari, sehemu ya umeme, kwa mapadre. Jina kwenye carte rose hakulibadilisha kamwe. Ili kulibadilisha ilibidi kwenda ofisini, na ofisini mtu angetoka nje kuja kulitazama gari.

"Sitaki mutu aulize ile gari ni ya nani," alituambia mezani. "Akishauliza, imeisha."

Sasa nina miaka arobaini na kitu. Nimeishi Uvira, Kalemie, Kigoma, Lubumbashi, na miji mingine ambayo nilikaa bila hata kufungua sanduku lote. Mahali pote nimeishi kwa kutengeneza radio za watu. Wakiniuliza kwa nini sitengenezi zile za ndani ya gari, nasema sina vyombo. Vyombo ninavyo.

Baada ya shule sikupata kazi. Nilikuwa na diploma na meza moja iliyowekwa kando ya mlango wa fundi cherehani, Kadutu, ambapo nilifungua transista za watu na kuzifunga tena. Muziki ulikuwa mji mzima wakati huo. Kila bar ilikuwa na bafle mbili mlangoni, makasha makubwa ya spika, na rumba ya Kinshasa ilishuka kutoka Kadutu hadi ziwani bila kuomba njia. Mimi nilikuwa nikisikiliza namna nyingine. Watu walisikia mwimbaji, mimi nilisikia kwamba spika ya kushoto imechanika, kwamba ampli inakosa nguvu kwenye besi, kwamba mtu mwenye akili angeweza kufanya vizuri zaidi. Na gari pekee nililoweza kuingiza mkono lilikuwa la Papa.

Mlango aliufungua yeye mwenyewe, kidogo. Radio ilikuwa ikisoma kila mchana communiqué ya wafu, yaani majina ya waliofariki na mahali pa mazishi, na Papa, kwa kuwa mchana alikuwa barabarani, aliwahi kufika kwenye mazishi ya mjomba wake akakuta watu wanaosha majembe. Hakulisahau jambo lile. Siku moja aliniambia, akitazama pembeni kama mtu anayekiri dhambi:

"Unaweza kuweka karadio kadogo mule ndani? Ka kusikia communiqué ya bafu tu."

"Ndiyo, Papa."

"Kadogo. Sauti isipite vioo."

Nikasema ndiyo mara ya pili. Nilikuwa tayari nimeshapima kwa macho nafasi iliyo nyuma ya kiti cha mwisho.

Radio ya kaseti niliinunua ng'ambo ya Ruzizi, ikavuka daraja ndani ya unga wa mtama kichwani kwa mama mmoja. Hiyo niliifunga chini ya dashibodi, Papa akaiona, akasikia communiqué, akaridhika. Yaliyofuata nilifanya kidogo kidogo, siku za Jumapili ambapo gari halikutembea, na mengi nilifanyia mezani pangu Kadutu ambako yeye hakufika.

Ampli niliijenga mwenyewe. Transista kubwa nne nilizitoa katika mashine ya sauti iliyoungua ya parokia moja, ambayo mapadre waliniachia kama chuma kikuukuu. Pasi yangu ya kulehemu haikuwa ya umeme: ilikuwa kipande cha shaba kwenye mpini wa mti, nikikipasha moto juu ya mbabula, mkaa ukiwa mwekundu, na nilijifunza kwa kuungua ni sekunde ngapi kinakaa na joto la kutosha. Transista za namna ile zinachemka, zinahitaji bamba la alumini la kuzipunguzia moto, kwa hiyo nilikata kitako cha sufuria kubwa ya Mama. Mama alilia. Nikamwambia nitamnunulia nyingine, na kweli nilinunua, miaka mingi baadaye, lakini ilikuwa ndogo.

Kati ya transista na alumini lazima iwepo ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, la sivyo kila kitu kinaungua mara moja. Shuleni padre alituonyesha vile vipande vidogo vya mika, vilivyotoka Ulaya kwenye kisanduku. Bukavu havikupatikana. Basi nilikumbuka kwamba binamu yangu, aliyechimba madini upande wa Shabunda, aliwahi kutuletea mawe yanayometa yaliyotengana kwa kurasa kama daftari, na watoto waliyachezea. Nikamwagiza. Alicheka sana kwamba mtu mwenye diploma anamwomba takataka ya shimo lake, lakini alileta, na nikayachambua kwa wembe hadi ukurasa mmoja ukawa mwembamba kiasi kwamba niliweza kuona mstari wa kiganja changu upande wa pili. Mika hiyo niliikata kwa mkasi. Ilifanya kazi. Sijui kama nimewahi kufurahi tena katika maisha yangu kama alasiri ile, na naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kweli na mwisho wake naujua.

Spika nilizipata kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa. Karatasi zao zilikuwa zimetobolewa na mende. Nilizipachika vipande vya mfuko wa sementi kwa gundi ya muhogo, mende wakaja wakala gundi, nikaanza upya kwa ile ya mafundi viatu. Kasha la nyuma nililipigilia kwa mbao za libuyu, likakaa chini ya kiti cha mwisho kana kwamba lilizaliwa pale. Zilibaki spika mbili ndogo. Kwa hizo hakukuwa na mahali isipokuwa milangoni.

Wakati huo Papa aliitwa aende Walungu. Ndugu zake walikuwa wanagombana juu ya shamba la marehemu yule mjomba, na ugomvi wa namna ile hauishi kwa siku tatu. Aliniachia funguo.

"Beba ba mama, urudi. Njia ile ile. Usipitie mujini."

"Ndiyo, Papa."

Alipoondoka nilichukua sahani ya bati, nikaiweka juu ya mlango wa nyuma, nikachora mduara kwa msumari. Nilikata chuma kwa patasi na nyundo. Mlio wake ulisikika kwa majirani wote. Nilikata mlango wa pili pia, nikalainisha kingo kwa tupa, nikafunga spika, nikavuta waya mnene kutoka batri hadi nyuma. Nilipowasha mara ya kwanza, injini ikiwa inanguruma, spika zilipiga mluzi uliopanda na kushuka pamoja na mguu wangu. Ilikuwa dynamo. Nikaizibia kwa kondensa. Mluzi ukaisha, muziki ukabaki, besi ikatetemesha kioo cha nyuma, na mimi peke yangu ndani nikapiga kelele kama mtu aliyeona bao.

Akina mama wa soko waliusikia kesho yake. Kulikuwa na mmoja, muuza maharagwe, mkubwa wa mwili na wa mdomo, ambaye kiti cha mwisho kilikuwa chake na hakuna aliyebishana naye.

"We kijana, hii mushindo inatoka wapi? Niko naisikia mu tumbo."

"Iko chini yako, mama. Umeikalia."

"Nimekalia mwanaume anaimba? Bwana yangu akisikia hii, nitalala inje!"

Wenzake walicheka hadi mwingine akamwaga njugu. Tulipokaribia Kadutu alinigusa bega, na safari hii hakuwa anacheka.

"Papa yako anajua?"

"Anajua kuko radio."

"Hii haiko radio, mutoto wangu. Hii ni bar inatembea."

Nilimjibu kwa kuongeza sauti.

Mambo mengine yaliyofuata yalikuja yenyewe, moja likivuta lingine, na kila moja lilikuwa na maana kwa fundi. Ekzosi iliyotoboka ilifunika besi, kwa hiyo niliipeleka ichomelewe. Vumbi na matope vilikuwa vinaingia kwenye matundu ya milango na kuharibu karatasi za spika, kwa hiyo niliiosha milango, na milango ikiwa safi gari lote likaonekana kama mgonjwa aliyenawishwa uso tu, kwa hiyo niliosha lote, kando ya ziwa, nikasugua bampa kwa majivu hadi nikajiona ndani yake. Ile plasta ya hospitali kwenye taa niliibandua mwisho. Sikusema moyoni kwamba ninabomoa kazi ya Papa. Nilisema ninatengeneza sauti.

Jirani mmoja alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi ile. Aliposikia gari aliniomba nimbebe bibi harusi. Tukatoka Kadutu, magari manne, langu mbele, vioo vimeshushwa, wasichana wakiimba juu ya kaseti. Nilipita mjini. Nilipita barabara kubwa ya Nyawera polepole, na watu walisimama kando, na nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mbele ya ofisi moja alisimama mkubwa mmoja wa serikali ndani ya abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai, pamoja na watu wake. Aliinua mkono. Wakati ule mkono wa namna ile ukiinuliwa, dereva husimama. Alizunguka gari lote kwanza, kisha akaingiza kichwa dirishani karibu na bibi harusi, ambaye alivuta shela lake.

"Citoyen, hii muziki nani aliifanya?"

"Ni mimi, citoyen," nilimjibu, maana serikali ilitaka wote tuitane hivyo, mwananchi.

"Weye? Si Wazungu?"

"Mimi mwenyewe. Na ampli pia."

Akawageukia watu wake. "Munasikia? Mutoto wa hapa hapa! Na kila siku banatuambia hatuna bafundi." Watu wake walicheka jinsi wanavyocheka watu wa mkubwa. Akanipa mkono. "Kuja kwangu siku ya mbili. Na gari."

Nilikwenda Jumanne hiyo nimevaa shati la dada yangu la shule kwa sababu ndilo jeupe pekee lililokuwa nyumbani. Mkubwa alisikiliza kaseti nzima uani kwake Muhumba, amekaa kwenye kiti cha nyuma, amefumba macho. Aliniagizia chupa ya bia. Akaniambia kwamba sherehe za mji zinahitaji mtu wa sauti, na mtu huyo anamwona mbele yake, na kwamba mwisho wa juma anakwenda kuzungukia vijiji na angependa gari hili limtangulie. Halafu akauliza, kwa upole kabisa:

"Carte rose iko?"

"Iko. Lakini jina ni la mzungu wa zamani."

"Mpaka leo?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Gari muzuri hivi, na jina ya mutu alishaenda? Leta karatasi yote. Tutaipanga ku jina ya papa yako. Bila kulipa hata kitu."

Hapo ndipo nilipokosea, na nimepitia kosa lile mara nyingi kama mtu anayepitia waya akitafuta palipokatika. Sikupenda tu sifa, ingawa nilizipenda. Niliona Papa akirudi kutoka Walungu, mimi nikimwekea mezani karatasi mpya yenye jina lake, na yeye kutoka siku hiyo akiendesha gari lake mchana kweupe, limeoshwa, bila kuogopa swali la mtu. Niliona ananisamehe milango. Nilirudi nyumbani, nikafungua Biblia ya Mama, nikatoa carte rose na ule ukurasa wa daftari, vyote viwili, nikampelekea. Alivipokea kwa mikono miwili. Dereva wake akapokea funguo.

"Siku ya posho tutapita kukuchukua," mkubwa aliniambia, maana yake Jumamosi. "Utengeneze kaseti muzuri."

Jumamosi nilikaa mlangoni na kaseti sita mfukoni hadi jua likazama. Hawakupita.

Papa alirudi siku nne baadaye juu ya lori la ndizi. Aliingia uani, akasimama mahali gari lilipozoea kusimama, akatazama doa la mafuta lililobaki chini. Mama aliingia jikoni na kufunga mlango.

"Gari iko wapi?"

Nilimweleza. Nilianza na mkubwa, ikabidi nirudi kwenye harusi, kisha kwenye kuosha, kisha kwenye milango, kisha hadi kwenye transista za parokia.

"Na karatasi?"

"Niliwapa."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Papa."

Akaomba maji. Aliyanywa amesimama, akakirudisha kikombe mkononi mwangu, akaenda kulala ingawa ilikuwa saa tisa mchana.

Kesho yake tulikwenda ofisini pamoja. Yeye alivaa koti lake la mazishi. Mkubwa hakuwepo, au alikuwepo na tukaambiwa hayupo. Tulipokelewa na karani mwenye faili mbele yake, kijana wa rika langu, ambaye naamini nilimwona shuleni.

"Gari ni ya nani, muzee?"

"Ni yangu. Patron wangu alinipatia."

"Kwa karatasi gani?"

"Aliandika barua. Mutoto aliileta hapa."

Karani alifungua faili, akapindua kurasa moja moja mbele yetu ili tuone. Carte rose ilikuwemo. Ukurasa wa daftari haukuwemo.

"Hakuna barua. Kuna gari ya mugeni aliacha inchi. Mali iliyoachwa ni ya Etat, ni ya serikali, muzee, unajua sheria."

"Nilimupa mukubwa barua ku mukono," nilisema.

"Ku mukono ya nani? Andika hapa: ku mukono ya nani, siku gani, mbele ya nani." Akanisukumia karatasi na kalamu na kungoja. Papa aliweka kiganja chake juu ya karatasi ile kabla sijaigusa.

Karani akafunga faili. Aliposema neno la mwisho sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa shauri jema. "Ushukuru, muzee. Ulitumikisha gari ya Etat miaka yote hii, na hakuna anayekufunga."

Tulipanda Kadutu kwa miguu. Nilingoja anitukane. Hadi leo bado ninangoja, na yeye amekwisha kufa. Watu wakinisikia nikisimulia hudhani ninamchukia yule mkubwa, na kweli ninamchukia, lakini yeye alifanya kazi yake kama mvua inavyofanya. Ninaona uchungu zaidi kwa Papa kunyamaza. Mtu akikupiga unajua deni limepungua kidogo.

Akina mama wa soko walipata gari lingine. Yule wa maharagwe alipita nyumbani siku moja na kikapu, akakiacha kwa Mama, akaondoka bila mzaha wowote. Dada yangu mdogo alirudishwa kutoka shuleni muhula ule, akakaa na Mama akipepeta. Mimi niliendelea na meza yangu, na Papa alikuwa anatoka asubuhi akirudi jioni, bila kusema alikokwenda. Nadhani alikuwa anatembea tu.

Halafu alikuja mtu kutoka kwa mkubwa. Ilikuwa miezi mitatu imepita. 404 ilikuwa na tabia zake: asubuhi za baridi ilitaka uvute choke nusu, uhesabu, uisukume ndani, halafu ndipo ugeuze funguo, na gia ya pili ilitaka ibembelezwe kwa klachi, embrayage kama tulivyoiita. Madereva wawili walikuwa wameshaishindwa. Mkubwa aliuliza nani aliyekuwa akiiendesha zamani.

Mama alisimama katikati ya nyumba, mwiko mkononi. "Utaenda? Ku mwizi?"

"Batoto batasoma na nini?" Papa alimjibu.

Walimpa abacost ya bluu ya madereva. Alikwenda nayo kazini kila asubuhi kama alivyokwenda kwa mzungu wake, na kila asubuhi, kwa amri, aliiosha 404. Iliondolewa udongo wake ikapakwa nyeusi inayong'aa. Nilikutana nayo mara nyingi Nyawera. Haikuwahi kuwa nzuri vile. Papa alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya usukani, na mkubwa nyuma akisoma karatasi zake. Hakupiga honi. Sikutarajia apige.

Jioni moja alirudi na gunia begani. Nilikuwa nimekaa uani nikila. Aliliteremsha karibu na miguu yangu taratibu, bila kulitupa. Ndani mlikuwa na ampli, spika kubwa, zile ndogo mbili, waya wote umekunjwa vizuri kwa kamba, skrubu zimefungwa katika kipande cha gazeti. Nilijua mara moja nani aliyezifungua. Mtu mwingine angezing'oa.

"Mukubwa anasema muziki inamuumiza kichwa," Papa alisema. "Anataka gari ya kimya."

"Na milango?"

"Nilizibisha. Tuliweka bati, tukachomelea, tukapaka. Haionekane."

Akavua viatu, akaingia ndani. Siku hizo alikuwa akila ndani, mimi uani.

Ampli niliiuzia kwaya moja ya Panzi, spika nikamwachia mwenye bar aliyekuwa akizitamani tangu siku ya harusi. Fedha zile zilinitosha nafasi juu ya lori la Uvira na chakula cha juma. Nilimwambia Mama tu. Lakini asubuhi ile, nilipokuwa nangojea lori pembeni ya barabara na sanduku langu, 404 ilishuka, nyeusi, bila mtu nyuma, na ikasimama. Papa alikuwa anakwenda kumchukua mkubwa. Aliteremsha kioo.

Nilikuwa na maneno mengi na sikuweza kuchagua. Nikamuuliza kitu ambacho mtu humuuliza dereva yeyote:

"Iko inatembea muzuri, Papa?"

Alitazama dashibodi kidogo, akafikiri, akanijibu sawasawa kama mtu aliyeulizwa na mwenzake wa kazi.

"Embrayage inaanza kuchoka. Nilibaambia baagize ingine Bujumbura. Banasema tutaona." Akaweka gia. "Kule joto ni nyingi. Unywe maji."

Kisha akaondoka, kwa sababu saa ya mkubwa ilikuwa imefika, na gari lilipopita mbele yangu sikusikia injini yake kabisa.